Sauti ya Babu Ndani ya Santuri



Barua moja ilinifikia hapa Kasongo kutoka Kabambare, mkononi mwa kijana wa pikipiki, pembeni imelowana na mvua. Wameiandika ndugu watatu, watoto wa mama mmoja mjane. Mama huyu ana santuri moja ndogo, ile ambayo wengi wetu tunaita disiki, na ameitunza ndani ya kitambaa tangu usichana wake. Ndani yake kuna sauti ya baba yake, aliyekuwa mwalimu wa kanisa, akieleza Habari Njema kwa Kibangubangu. Mashine ya kuzungusha kwa mkono iliyokuja pamoja na santuri ile ilipotea katika vita vya 1998. Tangu siku zile mama hajasikia sauti ya baba yake. Wajukuu hawajaisikia hata mara moja.

Vijana hao wanachimba upande wa Salamabila. Wamepata pesa kidogo ya dhahabu, nao wanataka kumfurahisha mama yao. Wanaandika hivi: "Baba Pasta, tununue mashine gani? Mwenye duka wa Bukavu iko na ya sanduku, bafle iko ndani, bei haiko kali. Yaya wetu wa Marekani anasema atatuma moja ya nguvu. Wote wawili wanatuambia habari ya preampli, na sisi hatujue kama preampli ni kitu ya kula ao ni dawa."

Nilicheka. Kisha nikasoma tena mahali wanaposema kwamba santuri ni hiyo moja tu, nikaacha kucheka.

Kabla ya kuwajibu, acheni niungame jambo. Nilipokuwa na miaka 15 hivi kulitokea uamsho mkubwa katika kanisa tulilosali. Tulisoma Matendo ya Mitume 19, habari ya watu wa Efeso waliochoma vitabu vya uganga, na sisi vijana tukaulizana: je, sisi tuna nini cha kuchoma? Vitabu vya uganga hatukuwa navyo. Basi tukaenda kutwaa santuri za baba zetu. Zilikuwamo za Wendo, za Franco na OK Jazz, za Mwenda wa Bayeke. Tukazitia moto nyuma ya kanisa huku tukiimba, na hakuna hata mmoja wetu aliyesoma karatasi ya katikati. Siku ya pili mama mmoja alikuja kumwuliza baba yangu zile santuri za nyimbo za ibada alizomwazima. Zilikuwa katika moto ule ule. Baba hakunipiga. Aliangalia majivu, akarudi ndani, na jambo lile hatukulizungumza mpaka alipofariki.

Leo nikifungua Yeremia 36 nasoma habari ya mfalme Yehoyakimu aliyekata kitabu cha nabii kwa kisu na kukitupa motoni kipande kwa kipande. Mungu alimwambia Yeremia atwae kitabu kingine, na Baruku akaandika tena yote, tena yakaongezwa mengine. Lakini Yeremia alikuwa hai, aliweza kusema upya. Babu wa vijana hawa hayupo. Santuri ile ikiharibika, hakuna Baruku. Kwa hiyo jibu langu litakuwa refu kuliko swali, mnivumilie.

Kwanza, santuri za namna hii zimetoka wapi? Mwaka 1939 kule Los Angeles, dada mmoja mmisionari, Joy Ridderhof, ambaye ugonjwa ulikuwa umemrudisha kutoka Honduras, alianzisha kazi iliyokuja kuitwa Gospel Recordings. Alitaka watu wasiojua kusoma wasikie Neno kwa lugha ya mama. Watumishi wake walisafiri na mashine ya kurekodi. Mwenyeji aliambiwa sentensi moja, akaisema kwa lugha yake, kisha nyingine, halafu vipande vikaunganishwa. Ndiyo sababu sauti katika santuri zile si ya mgeni anayejikwaa katika lugha yetu, bali ya mtu wa kijiji. Waligawa pia mashine za mkono, na hata moja ya karatasi ngumu iliyokunjwa, ambayo mtu alizungusha santuri yake kwa kalamu! Kazi hiyo leo inaitwa Global Recordings Network, na rekodi zake nyingi ziko bure katika intaneti, na katika simu kwa programu inayoitwa 5fish. Hivyo shauri langu la kwanza halina gharama kubwa: mmoja wenu akifika mahali pa mtandao mzuri, atafute humo, amletee mama asikilize. Sikio la mtoto halisahau sauti ya baba. Kama hayumo, basi santuri yenu ni ya thamani kuliko dhahabu yote mliyochimba mwaka huu, na tuendelee.

Ninajua kuna nyumba nyingine zenye santuri chini ya kitanda. Wengine wana zile za Ngoma, kampuni aliyoianzisha Mgiriki Nicolas Jéronimidis kule Léopoldville mwaka 1948. Mwenda wa Bayeke naye alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akiimba kwa Kiswahili chetu cha Kongo. Wala wapenzi wa santuri si wazee tu. Kule Marekani, mwaka 2022 ziliuzwa santuri kama milioni 41 na CD kama milioni 33, jambo ambalo halikutokea tangu miaka ya 1980. Kwa sababu hiyo mashine mpya zinatengenezwa tena, nyingine nzuri, nyingine mchezo wa watoto wenye rangi nzuri. Hapo ndipo watu wanapodanganyika.

Wanunuzi wengi huangalia ukubwa wa bafle. Mimi nasema, anza na sindano. Mashine yote ni kwa ajili ya sindano ile, maana ndiyo peke yake inayogusa santuri. Kila inapopita katika mfereji inasoma, na kama ni mbaya, inakwangua pia. Bafle mbaya inakupa sauti mbaya leo tu, kesho utaibadilisha. Sindano mbaya inakula sauti yenyewe.

Sindano zina upana mbili, nanyi mzijue. Santuri za kasi ya 33 na 45 zina mfereji mwembamba, na ncha ya sindano yake ni kama mikroni 18 hadi 25. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Santuri za 78 kwa kawaida zina mfereji mpana, na ncha yake ni kama mikroni 65 hadi 75. Ukiweka sindano nyembamba katika mfereji mpana, inashuka mpaka chini kwenye vumbi na kuyumba-yumba humo. Utasikia kelele kama mafuta ya kukaanga, na mfereji unaumia. Ukiweka sindano pana katika mfereji mwembamba, ni kama kupitisha lori katika njia ya pikipiki. Vijana wananiandikia kwamba katikati ya santuri yao imeandikwa 78. Basi wanatafuta sindano pana, na kabla ya kuishusha, mtu aangalie mifereji kwa kioo cha kukuza na kuilinganisha na santuri ya 45.

Mashine ya sanduku ya Bukavu ina vibao vitatu vya kasi, 33, 45 na 78, lakini sindano moja tu, nayo ni ile nyembamba. Mkono wake hauna uzito wa kurekebisha, na kwa kawaida unakandamiza kwa gramu 5 ao zaidi. Kwa santuri za duka ambazo unaweza kununua nyingine, haya, furahini nayo. Kwa santuri ya mama, hapana. Na akitokea mzee mwenye gramafoni ya tarumbeta na sindano za chuma, mwambieni asante kwa heshima. Kichwa cha mashine ile kinabeba zaidi ya gramu 100, na sindano ile ya chuma hutupwa baada ya kila upande. Nayo santuri yenyewe hainunuliwi tena.

Mashine nzuri ina mkono wenye uzito nyuma, unaozungushwa mpaka mkono uelee kama mizani iliyotulia, kisha unaongeza gramu zinazotakiwa. Kwa sindano nyembamba ni kama gramu 2. Kwa sindano pana ya 78, gramu 3 hadi 5, kama mtengenezaji alivyoandika. Watu wa Ulaya hununua mizani ndogo ya pekee kwa kazi hiyo. Sisi watu wa mgodi tunayo tayari! Mizani ya elektroniki ya mnunuzi wa dhahabu, ile inayosoma sehemu ya mia ya gramu, inafaa kabisa. Mwombeni awaazime saa moja. Lakini mjue kwamba ndani ya kichwa cha sindano kuna sumaku, na kibao cha mizani kikiwa cha chuma kitaivuta na kusema uongo. Wekeni juu yake kipande kidogo cha mti, rudisheni mizani kwenye sufuri, na ncha ya sindano iwe karibu na kimo kile kile cha santuri. Na kioo cha kukuza alichonacho mnunuzi, mwombeni hicho pia, muangalie kama ncha haikuvunjika.

Sasa tufike kwenye preampli, ambayo si ya kula. Kichwa cha kawaida chenye sumaku kinatoa umeme kidogo sana, kama milivolti 5. Tundu la AUX la ampli yenu ao la redio linataka mamia ya milivolti. Kwa hiyo katikati anatakiwa mtu wa kuzidisha, kama mara 100. Huyo ndiye preampli. Tena ana kazi ya pili ambayo wauzaji wengi hawaielezi. Wakati santuri inachongwa, sauti nzito hupunguzwa ili mfereji usiwe mpana mno, na sauti nyembamba huongezwa ili zishinde kelele ya vumbi. Kanuni moja ya kufanya hivyo ilikubaliwa mwaka 1954, inaitwa RIAA. Preampli inarudisha kila sauti mahali pake: nzito inapanda, nyembamba inashuka. Ukiunganisha bila hiyo utasikia kwaya ya mbu, besi zote zimehama. Santuri za zamani kuliko 1954 zilichongwa kwa kanuni mbalimbali, kila kampuni na yake, lakini kwa sauti ya mtu anayesema, preampli ya kawaida inatosha. Mtarekebisha besi kidogo kwa ampli.

Kabla ya kutoa hata franka moja, angalia mgongo wa ampli ya kanisa. Ampli nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zina tundu lililoandikwa PHONO. Ikiwa ipo, preampli imo ndani tayari, usinunue nyingine. Nilipata kuona kwaya moja ikitupa lawama kwa mashine nzuri kabisa kwa sababu sauti ilikuwa kama ya mtu anayepiga kelele ndani ya pipa. Mashine ilikuwa na preampli yake ndani, nao wameiunganisha kwenye PHONO, preampli mbili zikafuatana. Mashine mpya nyingi zina swichi ndogo nyuma, PHONO upande mmoja na LINE upande mwingine. Kwa tundu la AUX weka LINE. Kwa tundu la PHONO weka PHONO. Ni hayo tu. Na ule waya mwembamba pekee wenye uma mdogo mwishoni si wa mapambo: ufungwe kwenye skrubu ya ampli ao ya preampli, la sivyo utasikia mngurumo wa umeme siku nzima.

Kuna vichwa vya aina nyingine, vya waya unaosogea, vinavyosifiwa sana na matajiri. Vinatoa kama milivolti 0.3 tu, vinataka preampli ya nguvu zaidi, na sindano ikiisha kwa kawaida unabadilisha kichwa chote. Kwetu huku vya nini? Chukueni cha sumaku inayosogea, ambacho sindano yake unaichomoa kwa vidole na kuweka nyingine, nyembamba ao pana, katika kichwa kile kile. Preampli yake iandikwe MM, na kilo-om 47 pale pa kuingilia.

Jambo la umeme ni zito kwetu. Mota za mashine nyingi za zamani hufuata mwendo wa umeme wenyewe, ambao huku ni 50 Hz. Grupu ikichoka na kushuka mpaka 47, santuri nayo inashuka, na wimbo unakuwa chini karibu nusu noti. Mwalimu wa kwaya atafikiri waimbaji wamelewa. Yaya wa Marekani naye aambiwe: mashine ya kwao ya zamani ni ya volti 120 na 60 Hz. Transfoma itapunguza volti, lakini haiwezi kubadilisha Hz, na santuri ya 33 itazunguka karibu 28. Afadhali mashine yenye mota ya DC na adapta ya volti 12 ao karibu nayo. Hiyo haijali kama grupu inakohoa, tena inaweza kufanya kazi na batri ya sola mkiwa na fundi mwangalifu. Kupima kasi hakutaki chombo. Wekeni alama ya karatasi pembeni ya sahani, hesabuni kwa saa ya simu: 33 lazima izunguke mara 100 kwa dakika tatu, 45 mara 45 kwa dakika moja, 78 vivyo hivyo mara 78.

Tena yaya aangalie neno hili: mashine nyingi mpya, hata za bei kali, zina 33 na 45 tu. Yenye kasi zote tatu, mkono wa kurekebisha na preampli ndani ni kama dola 350 ikiwa mpya, kule kule, bado usafiri. Preampli ndogo peke yake inaanzia kama dola 25.

Na hapa, wanangu, nitawaambia lisilopendeza wauzaji. Kwa santuri moja msinunue mashine. Familia yenye kisanduku cha santuri 40, ao kwaya, hiyo inunue, na ninyi mlioniuliza habari ya Kindu na Kalemie mfuate niliyoandika juu. Lakini dola 350 kwa ajili ya dakika chache, wakati najua kwamba mdogo wenu wa mwisho alirudishwa shuleni kwa deni la karo (mmeandika wenyewe, mistari miwili kabla ya mwisho), hilo mama yenu hatalifurahia akilijua. Hapa Kasongo yuko mwalimu mstaafu mwenye mashine ya miaka ya 1970, kasi tatu, mkono mzuri, kichwa cha sumaku. Mkanda wake wa mpira umelegea na ampli yake haina PHONO. Amekubali kuiazima. Ninyi leteni mkanda, sindano pana ya kichwa kile, na preampli ndogo. Jumla haifiki dola 100, na mkanda utabaki kwake kama asante.

Santuri isioshwe na mtu yeyote kabla sijaiona. Zile za kale ngumu, zinazovunjika kama sahani ya udongo, zikiguswa na alkoli zinayeyuka. Maji safi yaliyochemshwa kwa kupozwa mvuke, yale ya kuongeza katika batri, yanafaa na kitambaa laini. Lakini angalieni sana msichukue chupa ya asidi, maana zinauzwa pamoja. Karatasi ya katikati isilowane. Na isilale juu ya dari, joto la mabati litaikunja. Isimame wima kama kitabu.

Tutaicheza mara chache sana. Mtoto wa mwalimu ana kompyuta na kisanduku cha kuingizia sauti. Waya utatoka kwenye preampli kwenda humo, na tutarekodi tangu sindano inaposhuka. Tutahifadhi kwanza kwa WAV, ambayo haipunguzi kitu, kisha tutatoa MP3 kwa simu za wajukuu. Nakala ziwe katika kadi za memori tatu, katika nyumba tatu tofauti. Sisi tuliokimbia 1996 na 1998 tunajua sababu. Kama 78 itasumbua, tutaicheza kwa 45, na kompyuta itaiharakisha baadaye mara 1.73. Ni sauti ile ile.

Nitapita Kabambare mvua zikipungua. Mashine itakuja mgongoni mwangu, si katika mzigo wa pikipiki, na mizani nimeahidiwa na jirani anayenunua dhahabu. Ninyi mwambieni mama akae karibu na bafle, si mlangoni na wageni. Na kitambaa asikifungue mpaka nifike.